Kuongezewa Kikomo cha Mkopo, Je, ni Kuaminiwa?

Tufikiri nyumba moja wakati wa chakula cha jioni. Simu ya baba yalia, naye asoma ujumbe mfupi: apongezwa, kwa kuwa kiwango chake cha mkopo kimeongezwa. Hakuomba. Asubuhi aliweza kukopa shilingi elfu hamsini, na sasa aweza kukopa laki moja. Atabasamu, amwonyesha mkewe ile simu, asema, "Mama Neema, unaona? Hawa wananiamini." Mama Neema atazama, aendelea kupakua ugali, kisha auliza, "Na mshahara, Baba Neema, nao wameuongeza?"

Swali la mama huyu ni zito kuliko alivyolisema. Nalo neno la mumewe, "wananiamini", ndilo tutakalo kulichungua leo. Watu wengi hulisema kwa moyo mweupe. Lakini ikiwa si kweli, basi kuna mtu anayejenga nyumba yake juu ya sifa ambayo hakupewa.

Tangu zamani, kwetu sisi, kukopesha kulitegemea kujuana. Mwenye duka wa mtaani alikuwa na daftari lake chini ya meza. Alijua ni nani mtoto wake amelazwa, ni nani mahindi yake yamekauka, na mshahara wa mwalimu umechelewa kwa siku ngapi. Ukimwomba akuongezee, alikutazama usoni akakuuliza utalipa kwa nini. Akikataa, alikataa mbele yako. Tusimtakase mtu huyu kupita kiasi. Wako wenye maduka wengi waliompandishia bei mdeni kwa kuwa walijua hana pengine pa kwenda. Lakini haikuwa rahisi kwake kumfuata nyumbani mtu mwenye deni na kumsihi achukue vitenge ambavyo hakuviuliza. Mtaa mzima ungejua, naye angeona haya.

Ule ujumbe wa simu umetoka katika desturi nyingine, iliyozaliwa mbali na kwetu, na yafaa tuijue ilivyoanza. Mwezi Septemba 1958, Bank of America ilipeleka kwa posta kadi zipatazo 60,000 katika mji wa Fresno, jimbo la California, Marekani. Hakuna aliyeziomba. Kila kadi ilikuja na kikomo chake, yaani jumla ya fedha ambayo mwenye kadi aliruhusiwa kudaiwa kwa wakati mmoja, dola 300 kwa wengi na 500 kwa wengine. Mtu aliweza kwenda nayo dukani siku ile ile. Kadi hiyo iliitwa BankAmericard, na tangu mwaka 1976 jina lake ni Visa. Wakuu wa benki walitazamia kwamba watu 4 tu katika 100 wangechelewa kulipa. Mpango ulipoenea katika California, waliochelewa walizidi 20 katika 100. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ilikataza kumpelekea mtu kadi ya mkopo asiyoiomba. Haikukataza, lakini, kukiongeza kikomo cha kadi ambayo mtu anayo tayari mfukoni. Tangu hapo kazi kubwa ya benki haikuwa kumtafuta mkopaji mpya tu, bali pia kuamua ni yupi wa zamani apewe nafasi zaidi, na lini, na kiasi gani.

Huamuaje? Mwaka 1956 mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac walianzisha huko California kampuni ya kupima kwa hesabu kama mkopaji atalipa. Mwaka 1989 ikatoka alama yao iliyotumiwa na wakopeshaji wa kila namna, ambayo leo huanzia 300 na kuishia 850. Kama asilimia 35 ya alama hiyo yatokana na historia ya mtu ya kulipa kwa wakati, na asilimia 30 yatokana na madeni aliyo nayo sasa, hasa sehemu ya kikomo aliyokwisha kuitumia. Sehemu iliyobaki hugawanywa: urefu wa muda ambao mtu amekuwa akikopa, maombi yake mapya, na aina za mikopo yake. Msomaji aangalie mambo yasiyomo. Mshahara haumo. Akiba haimo. Mzee aliyeishi miaka sabini bila kudaiwa na mtu, mbele ya hesabu hii, si mwaminifu wala si laghai; hana alama kabisa, kana kwamba hakuishi.

Alama hiyo ni mwanzo tu. Benki hufungua pia daftari lake lenyewe. Hutazama kadi ina miezi mingapi, mteja alichelewa mara ngapi, hulipa kiasi gani kila mwezi, alisema kipato chake ni nini, na ni muda gani umepita tangu alipoongezewa mara ya mwisho. Mara nyingi miezi sita au mwaka hupita kwanza. Haya yote ni maswali ya haki. Anayetunza fedha za wengine asiyeuliza hivyo ni mzembe.

Lakini liko swali jingine ambalo benki hujiuliza, nalo mteja haambiwi: je, mtu huyu atatuletea nini? Hapa wakopaji hugawanyika makundi matatu. Wa kwanza hulipa deni lake lote kila mwisho wa mwezi. Huyu kwa kawaida hatozwi riba, na faida ya benki kwake ni ada ikatwayo kwa mwenye duka. Wa tatu halipi kabisa, naye ni hasara. Katikati yuko wa pili, alipaye kila mwezi kiasi kile cha chini kabisa kinachodaiwa, au zaidi kidogo, asichelewe hata siku moja, wala asimalize. Riba yake yaingia mwezi kwa mwezi. Huyu wa katikati ni mtu mwaminifu. Ndiyo maana hulipa. Ni mtu aliyelemewa pia. Ndiyo maana hamalizi. Mkopeshaji atafutaye faida huvutwa kwake kwa sababu ya uaminifu wake na kulemewa kwake pamoja, na tusipoliona jambo hili hatutaelewa kwa nini pongezi huweza kumfikia mtu katika mwezi ule ule ambao yeye mwenyewe aona mambo yake yameharibika.

Wapo watakaosema: mbona kikomo si deni? Ni nafasi tu. Mwenye akili ataiacha ilale. Maneno haya ni ya kweli kwa mtu mmoja mmoja, lakini watu kwa ujumla hawako hivyo. Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, David Gross na Nicholas Souleles, walichapisha uchunguzi wao juu ya kadi nyingi sana. Waliona kwamba kikomo kilipoongezwa kwa dola moja, deni liliongezeka kwa wastani wa senti 10 hadi 14. Wala hawakuwa wale tu waliobanwa na kikomo chao cha zamani. Hata waliokuwa mbali nacho walianza kukopa zaidi. Ukuta wa uwanja ukisogezwa nyuma, hata aliyesimama katikati hupanua hatua zake. Kwa hiyo mwenye kuusogeza hawezi kusema kwamba hakufanya neno.

Sasa turudi kwenye kuamini. Kumwamini mtu ni kujiweka katika hatari kwa sababu ya neno lake. Rafiki akikupa fedha zake za ada ya shule kwa kuwa ulimwambia utazirudisha Ijumaa, amekuamini. Usiporudisha, mtoto wake atafukuzwa darasani. Benki haijiweki mikononi mwako namna hiyo. Imekuweka pamoja na maelfu wafananao nawe kwa hesabu, imekadiria wangapi wataanguka, na hasara ya watakaoanguka imekwisha kutiwa ndani ya riba ya watakaosimama. Katika hesabu hiyo jina lako halina kazi. Aliyeongezewa hakusifiwa, na kwa sababu hiyo hiyo aliyekataliwa hakutukanwa. Twasema hili la pili kwa mkazo, maana twajua wanaume wanaoficha kwamba mashine imewanyima, wakiinamisha kichwa kama watu waliokamatwa wakiiba.

Je, basi, kuhesabu ni ubaya? La hasha. Kuhesabu kwaweza kuwa na haki kuliko kujuana, kwa sababu mwenye duka aliyekujua aliweza pia kukunyima kwa ajili ya kabila lako au ukoo wako. Marekani mwanamke aliweza kunyimwa kadi kwa jina lake mwenyewe, akatakiwa amlete mumewe aweke sahihi, hata kama alikuwa na mshahara. Sheria ya mwaka 1974 ikakataza kumbagua mwombaji kwa sababu ya jinsia au ndoa, na mwaka 1976 ikaongezwa rangi, dini na taifa la asili. Tena mwombaji akikataliwa ana haki ya kuelezwa sababu. Hesabu inayolazimika kujieleza ni bora kuliko uso wa mtu usiojieleza.

Ubaya huanza mahali pengine. Sisi twaona kwamba kipimo cha haki hapa ni rahisi kukitamka, ingawa ni kigumu kukitimiza. Mwenye kuongeza kikomo ajiulize kama angefurahi deni hilo likilipwa lote mapema. Ikiwa ndiyo, anamkopesha mtu kwa ajili ya haja ya mtu huyo, naye apata faida yake halali. Ikiwa angehuzunika, basi faida yake yategemea mwenzake asifike mwisho, na zile pongezi ni maneno matupu.

Sheria za mataifa zimelizunguka jambo hili bila kulifikia sawasawa. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria kwamba benki isifungue kadi wala isiongeze kikomo bila kwanza kufikiri uwezo wa mtu wa kulipa. Ni sheria njema. Lakini uwezo wa kulipa nini? Kanuni zake zatazama kama mtu aweza kulipa kile kiasi cha chini cha kila mwezi, ikidhaniwa kwamba ametumia kikomo chote. Haziulizi kama ataweza kumaliza. Tena benki yaweza kukubali kipato alichokitaja mteja mwenyewe. Australia ilikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2018 benki hairuhusiwi kumshawishi mteja aongeze kikomo cha kadi bila yeye kuomba, na tangu mwaka 2019 yapasa ipime kama aweza kulilipa deni la kikomo chote katika miaka mitatu. Kanada ilitaka tangu mwaka 2010 mteja akubali waziwazi kabla kikomo hakijapandishwa. Uingereza tangu mwaka 2018 humtazama kwa namna ya pekee yule ambaye katika miezi 18 amelipa riba na ada nyingi kuliko alivyolipunguza deni lenyewe, na benki yapasa imsaidie kutoka. Hapo walau mtu wa katikati ameonekana, akapewa jina.

Kuna waonao kwamba sheria za namna hii huwafanya watu wazima kuwa watoto. Nani ameiomba serikali imzuie mtu kupokea kile anachopewa? Hoja hii si ya kudharauliwa. Yuko mgonjwa anayehitaji gari la kumpeleka hospitali usiku, na kikomo kipana kimemwokoa. Yuko pia mwenye busara ambaye deni lake halikuongezeka, ila kikomo kilipopanuka alama yake ikapanda, kwa kuwa sehemu aliyoitumia imekuwa ndogo. Lakini watu hao wawili wanaweza kuomba. Sheria ya Australia haimzuii mtu kuomba. Yamzuia mkopeshaji kumwendea asiyeomba. Aombaye amekwisha kukaa na kuhesabu haja yake. Aletewaye huanza na fedha, kisha huitafuta haja, na haja haikosekani kamwe.

Hapa kwetu Afrika Mashariki kadi za mkopo ni za wachache, lakini hesabu ile ile imeingia nyumbani mwetu kwa njia ya simu. Mwezi Novemba 1912 au 1958 hakuna aliyeweza kuifikiri. Mwezi Novemba 2012 ilianza Kenya huduma ya M-Shwari, ya Safaricom na Commercial Bank of Africa, na mwaka 2014 Vodacom ikaanzisha M-Pawa Tanzania pamoja na benki hiyo hiyo. Mtu aliyetumia M-Pesa kwa miezi sita aliweza kukopa kuanzia shilingi 100 za Kenya bila dhamana na bila kuonana na mtu. Kikomo chake kilitokana na matumizi yake ya simu, akiba yake, na jinsi alivyolipa mkopo uliotangulia. Wengi walisaidika, na hatuwezi kukana: mwenye genge aliyepungukiwa mtaji wa asubuhi hakuwa na benki ya kumsikiliza. Ila bei ilikuwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Haikuitwa riba, lakini jina halipunguzi mzigo. Anayekopa shilingi 1,000, akalipa, akakopa tena, mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 900 za ada, na mwisho wa mwaka bado hana shilingi 1,000 yake mwenyewe. Mtu huyu mbele ya mashine ni mlipaji mzuri sana. Ndiye atakayepongezwa.

Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nao hawakuona simu. Walichokijua ni kwamba anayekopa na anayelipa ni kama watu wawili, na yule wa kwanza hamshauri wa pili. Nyumbani jambo hili si la mfano tu. Baba hukopa usiku chini ya blanketi, na anayelipa ni mama, kwa chumvi iliyopunguzwa, au mtoto, kwa daftari lisilonunuliwa. Daftari la mwenye duka halikuficha hivyo. Mtoto alitumwa sukari akarudi mikono mitupu, na siri ikaisha.

Hapa sheria za Marekani zina jambo la kuwafundisha hata wao wenyewe. Mwaka 2013 kanuni zao zilibadilishwa ili mwenzi wa ndoa mwenye miaka 21 au zaidi, alindaye nyumba na watoto bila mshahara wake mwenyewe, aweze kuhesabu kipato cha nyumba anachokifikia anapoomba kadi au kuongezewa kikomo. Ilikuwa haki, mshahara wa mmoja ni chakula cha wote. Na kijana asiyefikia miaka 21, kama kadi yake ina mdhamini, kikomo hakiwezi kupandishwa mpaka mdhamini huyo akubali kwa maandishi, kwa kuwa naye atadaiwa. Lakini mume au mke ambaye jina lake halimo katika kadi haulizwi lolote. Katika California, ambamo mambo haya yalianzia, deni alilolifanya mmoja wao wakati wa ndoa kwa kawaida laweza kudaiwa katika mali yao wote wawili. Mdhamini huandikiwa barua. Mwenzi wa ndoa husikia habari siku mdai anapokuja.

Kwetu hali ni hiyo hiyo: simu haina mahali pa kuandika jina la Mama Neema. Mashine imemwuliza mumewe mambo mengi bila yeye kujua kwamba anaulizwa. Yeye ameuliza moja tu, mbele ya watoto, na chakula kimekwisha kupakuliwa, na Baba Neema hajamjibu.